Mikanda ya harusi za mama zetu

Televisheni ya Zanzibar ilianza miaka ya 1970, tena ya rangi tangu mwanzo, wakati ndugu zetu wa bara walikaa mpaka 1994 ndipo wakapata kituo. Kwa hiyo hapa Unguja deki za kuchezea mikanda ya video hazikuchelewa kuingia majumbani. Jamaa walioko Muscat na Dubai walizileta wakija likizo, seti za kuchomekea zilikuwepo, na kufika miaka ya 1990 harusi isiyopigwa video ilikuwa ya kuonewa huruma. Mikanda ile haikwenda popote. Imo makabatini, chini ya kanga na mashuka ya wageni, na waliomo ndani yake wanazeeka.

Nimekuwa nikiihamisha mikanda hiyo kwenda kwenye kompyuta kwa miaka kadhaa sasa. Nilianza na ya kwetu, maana mama alitaka kuiona tena harusi yake na macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Habari ikavuka ukuta. Akaja jirani, akaja wifi wa jirani, kisha wakaanza kuja watu nisiowajua, wameelekezwa. Si kwamba mjini hakuna mafundi wa kazi hii. Wapo, na wana mashine nzuri kuliko zangu. Ila ni wanaume, na mkanda wa siku ya wanawake haupelekwi dukani kwa mwanamume.

Asiyejua harusi za pwani pengine haelewi. Kuna siku ambayo ni ya wanawake watupu. Buibui hutundikwa, nywele huachiwa, asumini na vikuba vinanukia ukumbi mzima, na watu hucheza wanavyotaka kwa kuwa hakuna macho ya kiume. Hata kamera ilishikwa na mwanamke. Mkanda unamwonyesha mtu akiwa msichana, kichwa wazi, anakata kiuno. Leo ni bibi wa watu na kahiji. Bimkubwa mmoja alinikabidhi wake umefungwa ndani ya mtandio, akaniambia, "Mwanangu, huu usiutoe mlangoni. Na mumeo asiuone." Nikamjibu, "Hewallah, bimkubwa," nikajua kuwa kazi yangu haianzi na waya wala rimoti.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa anayeleta mkanda ni nani anaruhusiwa kuuona. Hali ya mkanda nitaiona mwenyewe. Kompyuta ninayohamishia haina intaneti. Mwenye mkanda huja na hadidiski yake, akiondoka nayo mimi sibaki na kitu. Anayetaka kukaa aangalie mpaka mwisho, anakaribishwa, chai ipo. Mkanda wa saa tatu unahamishwa kwa saa tatu, hakuna njia ya mkato, kwa hiyo chai yenyewe ni nyingi.

Sasa nizungumzie mashine, maana watu wengi huhofia mkanda ilhali kinachotutoka mikononi ni deki. Kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS (ndiyo aina ya mikanda yetu hii), Funai ya Japani, iliacha Julai 2016. Tangu hapo zilizobaki ni hizi hizi zilizokwishatumika, na kila moja ina mipira inayokauka na mikanda ya ndani inayolegea. Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Umeme wa kisiwa kizima ulipokatika kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, majenereta yasiyotulia yaliunguza deki nyingi mtaani kwetu, na wenyewe wakazitupa kwa kuwa DVD ilikwishaingia. Nikiona mtu anataka kutupa deki nzima leo, naiomba. Hata mbovu nachukua, mradi mipira yake ya kubana mkanda bado mizuri. Na deki yangu haichomekwi bila stabilaiza.

Deki za soko la Ghuba zina faida ambayo wengi hawaijui. Nyingi zilitengenezwa zikubali mifumo yote ya televisheni, PAL, SECAM na NTSC, kwa kuwa kule watu wanatoka kila upande wa dunia. Sisi ni PAL, picha 25 kwa sekunde na mistari 625. Marekani na Kanada ni NTSC, mistari 525 na picha karibu 30. Jamaa wa Toronto walikuwa wakituletea mikanda ya harusi za watoto wao, tukiiweka kwenye deki ya kawaida picha inapanda juu haishikiki, nasi tunaamini mkanda umeharibikia safarini. Haukuharibika. Kwenye deki ya Ghuba inatulia. Unachotakiwa ni kuiambia na kompyuta kuwa kinachoingia ni NTSC, la sivyo unapata picha isiyo na rangi.

Hedi za deki husafishwa kwa karatasi laini isiyoacha nyuzi, iliyoloweshwa isopropili, spiriti ya kusafishia. Unaishikilia karatasi pale pale kwenye ngoma, ile silinda inayozunguka ndani ya deki, halafu unaizungusha ngoma yenyewe taratibu kwa kidole kutoka juu. Usisugue kwenda juu na chini. Hedi, ndizo zinazosoma mkanda, ni vipande vidogo mno vilivyochomoza kidogo tu ubavuni mwa ngoma, na vikivunjika deki imekwisha. Pamba ya masikioni nayo huacha nyuzi, iache kwa masikio.

Kuvu ndiye adui wetu mkubwa. Nyumba za mawe zinatoa jasho, hewa ya bahari ina chumvi, na masika huloweka mpaka mashuka. Ukipewa mkanda, usiuweke kwenye deki kwanza. Upeleke dirishani, uuinamishe mwanga upite kwenye vile vioo viwili vya kasha, uchungulie. Mkanda mzima una weusi wa kung'aa, umeviringwa vizuri, kingo zake ziko sawa. Wenye kuvu una unga mweupe kwenye kingo, pengine nyuzi nyuzi, pengine madoa ya duara. Ukiuchezesha hivyo unga unaingia kwenye hedi, na kutoka hapo unaigawia mikanda yote itakayofuata. Mikanda ya jamaa mmoja ikija pamoja na mmoja una kuvu, naitenga yote.

Kwanza naukausha. Nina boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, ndani nimejaza vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya na dawa, na mkanda unakaa humo wiki moja au mbili. Kuvu ikikauka inakuwa vumbi na kufutika. Ikiwa mbichi inapakaa. Wapo wanaotumia mchele, mimi sitaki, mchele una vumbi lake. Na wapo wanaoanika juani. Tafadhali usianike mkanda juani, plastiki inapinda na mkanda hauzunguki tena.

Ukishakauka navaa barakoa, natoka nao uani nikiwa nimeupa upepo mgongo. Kasha la VHS lina skrubu tano kwa chini. Kabla sijagusa chochote ndani napiga picha kwa simu, kwa sababu kuna springi na vijipande ambavyo vikiruka huvioni tena. Nafuta kingo za zile roli mbili kwa kitambaa chenye isopropili, naacha ikauke, kisha roli zote mbili nazihamishia kwenye kasha jingine safi. Kasha la kuhamishia si la kununua: natoa kwenye mkanda wa sinema usio na maana kwa mtu. Baada ya hapo naupeleka mbele na kuurudisha kwenye deki ya zamani niliyoitenga kwa kazi hiyo peke yake, nikishika kitambaa kwenye njia ya mkanda. Ndipo unaingia kwenye deki nzuri. Kazi nzima inachosha, na siwezi kuitoza bei yake halisi, hakuna atakayelipa.

Kuna kijino kidogo cha plastiki mgongoni mwa kasha. Kikiwepo, mkanda unaweza kurekodiwa juu yake. Kivunje kabla ya yote. Nimeona harusi ambayo bibi harusi anaingia ukumbini, watu wanapiga vigelegele, mara picha inakatika na kuanza mpira. Kaka wa mtu alitaka kuhifadhi mechi. Iliyofunikwa hairudi kwa dawa yoyote, na nyumba ile mpaka leo mechi hiyo haitajwi mezani.

Upande wa kompyuta sina mengi. Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Deki yenye tundu la S-Video inatoa rangi safi zaidi kuliko wa njano. Kifaa cha kuingiza kwenye kompyuta kinauzwa bei rahisi, ila vya bei ya chini kabisa huachanisha sauti na picha mkanda ukiwa mrefu, midomo inasema kabla ya maneno. Nahifadhi picha kwa vitone 720 kwa 576, na faili la kwanza siligusi kamwe: siipaki rangi, siikati kingo, hata ile mistari ya vurugu chini kabisa ya picha naiacha. Kutoka kwenye hilo ndipo natengeneza dogo la simu. Kesho mtu mwenye programu nzuri kuliko yangu atataka lile la asili, alikute. Mikanda midogo ya MiniDV iliyokuja baadaye ni neema: yenyewe ni ya dijitali, yaani namba tayari, ukiwa na kamera inayofanya kazi na waya wa FireWire unanakili namba zile zile bila kupoteza kitu, karibu GB 13 kwa saa.

Sauti ndiyo iliyonipa raha kuliko yote. Wapiga video wa zamani walikuwa na mazoea ya kumimina taarabu juu ya mkanda mzima, toka mwanzo mpaka mwisho, mtu asisikike. Nilikuwa nahamisha mkanda wa shangazi, nyimbo zimeshanichosha, nikabonyeza kwenye rimoti kitufe cha kubadilisha sauti. Nyimbo zikakatika. Badala yake pakatokea ukumbi: vyombo vinagongana, mtoto analia, mtu anaita "Leteni ubani!", na karibu kabisa na kamera sauti ya bibi yangu akimnong'oneza mtu kuwa pilau haitoshi. Nilipata kuelewa baadaye. VHS ina njia mbili za sauti. Moja inapita ukingoni mwa mkanda peke yake, na hiyo unaweza kurekodi upya bila kugusa picha. Ya pili, ile ya hi-fi, imeandikwa pamoja na picha yenyewe, haiwezekani kuibadilisha bila kuifuta picha. Kwa hiyo mpiga video akimwaga nyimbo juu ya mkanda wa asili uliorekodiwa kwa kamera ya hi-fi, ukumbi unabaki chini yake, haujaenda popote. Kwenye nakala huupati, maana nakala hubeba mchanganyiko. Tangu siku hiyo kila mkanda nausikiliza njia zote mbili, na nawaomba watu wanitafutie mkanda wa asili, si ule uliogawiwa kwa jamaa.

Shangazi alipoisikia sauti ile alicheka mpaka akashika mbavu. "Haikutosha kweli! Tulikwenda kuazima sufuria kwa jirani." Hiyo nayo haikuwa imeandikwa popote.

Watu huniambia, yetu tulishaiweka kwenye diski zamani, mkanda tuutupe. Nawazuia. Miaka ya 2000 wengi walipewa VCD, yaani video iliyowekwa kwenye CD, na VCD ya PAL ni 352 kwa 288, yaani robo tu ya vitone unavyopata ukihamisha vizuri leo. Mkanda uliotunzwa, hata wa miaka 30, unashinda diski hiyo waziwazi. Nyuso za watu wa safu ya nyuma zinarudi kuwa nyuso. DVD ni afadhali, lakini nyingi walibana saa tatu kwenye diski moja ya GB 4.7, na kwenye kucheza ngoma picha inavunjika vipande vya mraba. Tatizo kubwa zaidi ni kuwa mpiga video, akishatoa diski, alirudi kurekodi harusi nyingine juu ya mkanda wa kwanza. Nyumba nyingi hazina kingine ila diski.

Diski za kurekodiwa zina rangi maalumu ndani inayobeba habari, na mwanga na joto huila. Usiziache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya televisheni. Kwenye CD tabaka la habari liko juu kabisa, chini ya lebo tu, kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa lebo ni mbaya kuliko wa upande unaong'aa. DVD ina tabaka katikati ya bamba mbili za plastiki, hapo imesalimika kidogo. Lebo za karatasi za kubandika zinaharibu, na ukizing'oa zinaondoka na tabaka. Kufuta ni kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, si kuzungusha. Diski ikikataa kusomeka nyumbani, usihukumu: ijaribu kwenye kompyuta tofauti, kisha tumia programu ya ddrescue, ambayo husoma kwanza panaposomeka na kurudia pagumu baadaye. Imeniokolea khitima ya babu wa watu ambayo deki mbili zilikuwa zimeitema. Na zile diski ndogo za kamera za DVD, pengine hazina ubovu ila hazikufungwa rasmi baada ya kurekodi. Ukiipata kamera ile ile unazifunga na zinafunguka kote.

Mwisho wa yote watu wanataka "niwekee kwenye flashi". Sawa, lakini flashi nyingi zinakuja na mpango wa kupangia mafaili uitwao FAT32 ambao haukubali faili kubwa kuliko GB 4, na harusi nzuri inazidi hapo. Igeuze iwe ya mpango mwingine, exFAT, dakika moja. Pili, flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa GB nyingi kuliko akili inavyokubali ni za uongo: zinapokea kila kitu, zinaonyesha majina ya mafaili, ukifungua hamna. Kuna programu za kupima, na mimi nazipima zote mbele ya mwenyewe. Hata ya kweli, flashi ni ya kusafirisha tu. Ya kutunza ni hadidiski mbili, moja hapa na moja nyumba nyingine. Sisi ya pili iko kwa kaka Muscat, ina nywila. WhatsApp nayo inakamua picha mpaka sura zinayeyuka. Ukilazimika, itume kama waraka, lakini kwa mikanda ya wanawake jibu langu ni usiitume kabisa. Kitu kikishaingia kwenye kundi la familia kimekwenda, nawe hujui simu ya binamu inashikwa na nani.

Hapo ndipo ugomvi hutokea. Kijana mmoja, mamake kafariki, alitaka kukata kipande mama akicheza akiweke mtandaoni siku ya kumkumbuka. Nia yake njema. Dada zake wakakataa katakata, wakasema mama hai asingekubali, na amekufa hawezi kuulizwa. Niliwapa haki dada zake. Tukatafuta mkanda mzima, tukapata pahala mama anateremka kwenye gari na buibui lake, anageuka, anacheka. Kikatumika hicho. Mwingine aliachika, akataka bwana harusi aondolewe kila anapotokea. Nilimtengenezea nakala hiyo, mkanda wake, neno lake, ila faili zima nikamwambia alitunze, ana watoto kwa yule bwana.

Kama una wazee hai, kaa nao mkanda unapopita, simu inarekodi sauti zao pembeni. Usiwaulize maswali mengi. Waache wataje. Ukumbi wa watu mia bila majina unageuka ukumbi wa wageni katika kizazi kimoja tu. Baada ya hapo naandika karatasi: mwaka, harusi ya nani, mtaa, dakika gani nani anaonekana. Karatasi moja inabaki kwenye kasha la mkanda, nyingine inaingia na faili. Mkanda wenyewe naurudisha umezungushwa wote upande mmoja, nao wauweke wima kama kitabu, mbali na bati na mbali na sakafu.

Lililobaki kwetu ni urithi, maana hadidiski nayo itakuwa ya mtu. Mama keshaamua: yake ni ya wajukuu wa kike. Kaka zangu walinung'unika kidogo, tukawakatia sehemu ya baba akiingia kumtoa bibi harusi, wanawake wote wamekwisha jifunika. Wameridhika, na kila Idi wanaiangalia upya wakibishana kanzu ile ilikuwa ya nani.